Mchora hadithi za katuni anayefanya na fani nyingine: je, kazi hii inaweza kumlisha mtu akiwa Bagamoyo?

KalamuYaDunda (mleta mada)

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu nawasalimu.

Mimi ni kijana wa Bagamoyo, nakaa Dunda. Nilisomea sanaa za ufundi hapa hapa mjini, na huu ni mwaka wa nne naishi kwa mkono wangu, ingawa kuishi kwenyewe ni kwa kuungaunga. Kazi ninayoipenda kupita zote ni kuchora hadithi za katuni. Nimekwisha kumaliza kitabu kimoja cha kurasa 24 kuhusu mtoto wa mvuvi anayeitafuta ngalawa ya baba yake iliyopotea, na cha pili kimefika nusu. Lakini nikisema ukweli, fedha iliyolipa kodi ya chumba mwaka uliopita haikutoka kwenye katuni. Ilitoka kwenye mandhari ya jukwaa niliyowapakia watu wa maigizo, kwenye mabango ya maduka mawili na saluni moja, kwenye picha za ukutani za nyumba ya wageni, na kwenye vinyago vya karatasi na gundi nilivyowatengenezea wacheza ngoma. Katikati ya hayo nilibuni na kanga moja, ambayo haikufika kiwandani.

Nyumbani wananiambia kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nami nimeanza kuogopa, kwa sababu mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, jibu langu huwa refu mno, na kabla sijalimaliza huwa ameshageukia mengine. Naomba kujua kwa waliotangulia: je, mchora katuni anayefanya na hayo mengine huhesabiwa kuwa ni mtu asiye na fani, au ndiyo njia yenyewe?

La pili ni dogo, lakini limeniuma. Mteja mmoja alinilipa nimchoree mhusika wa kipeperushi. Miezi michache baadaye nikamkuta mhusika yuleyule kwenye fulana zinazouzwa stendi, wala sikuulizwa wala sikupata kitu. Hatukuwa tumeandikiana chochote. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikuja hapa kushtaki. Nataka kujua wenzangu mnajilindaje.

MzeeWaWino

Marahaba, mwanangu. Nilichora katika magazeti na majarida ya Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla sijarudi pwani, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona, na utanisamehe nikirefusha.

Methali uliyopewa inamfaa mtu aliyeshika mawili yanayovutana. Yako hayavutani. Ukurasa mmoja wa hadithi ya katuni ni mkusanyiko wa kazi ambazo kwingineko hufanywa na watu mbalimbali: mchoraji huwachagua watu wake kama mwongozaji wa maigizo anavyowachagua waigizaji, huwavika nguo, huwajengea nyumba na vichochoro, huamua mwanga utoke upande gani, kisha huamua msomaji asimame mbali au asogezwe hadi aone jasho puani. Marekani, katika majarida makubwa ya katuni yanayotoka kila mwezi, kazi hiyo hugawanywa, mmoja akaandika hadithi, mwingine akachora kwa penseli, wa tatu akatia wino, wa nne rangi, na wa tano akaandika maneno ndani ya vipovu. Kwetu sisi yote hayo yaliangukia mkono mmoja, na mara nyingi usiku mmoja, kwa sababu mhariri aliyataka asubuhi. Kwa hiyo ukiniambia umepaka mandhari ya jukwaa, mimi sioni kwamba umetoka nje ya katuni. Naona umechora kibonzo kimoja, yaani picha moja kati ya zile zinazopangwa ukurasani, chenye upana wa mita sita.

Tazama pia walikotoka waliotutangulia. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na watu wengi wasiosoma tahariri walikuwa wakilifungua gazeti kwa ajili yake. Katika miaka ya 1970 likaja jarida la Sani, ambalo hata jina lake ni la watu wawili walioungana, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, kila mmoja akitoa herufi mbili za mwanzo za jina lake. Humo ndimo tulimokulia na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono hodari kabisa ya jarida lile, alifariki 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wale waliendelea kuishi kwa mikono ya wengine. Nakutajia hilo kwa makusudi, kwa kuwa linagusa swali lako la pili: mhusika akishapendwa huwa na maisha marefu kuliko kalamu iliyomzaa, na ni vema ijulikane mapema nani ana kauli juu yake.

Sasa kuhusu kuwa na fani nyingi. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, ni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda Nairobi 1992 kuchora katuni za gazeti, na kufikia 2009 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kipindi cha televisheni cha vikaragosi vya wanasiasa. Sura ileile aliyokuwa akiichora kwa mistari kumi ilibidi sasa ifinyangwe, ipakwe rangi, ifunguke mdomo. Masoud Kipanya tunamjua kwa yule panya wake gazetini, lakini wapo wanaomjua kwa sauti tu, redioni, na 2022 akatuonyesha gari la umeme. Kinshasa yuko Chéri Samba, ambaye alianza kwa kupaka mabango ya maduka kama wewe, akachora na katuni za magazetini, kisha akafanya jambo moja ambalo hakuna mwalimu angemruhusu: alichukua maneno ya kwenye katuni akayaandika juu ya turubai kubwa la rangi. Mwaka 1989 picha zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia. 

Na hiyo kanga yako usiitupe. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke anayeichagua dukani huusoma mchoro na maneno kwa pamoja, na akiwa na lake la kumwambia jirani, huangalia jina kwanza. Wasomaji wa namna hiyo tunao wengi pwani hii, na hakuna aliyewafundisha kusoma katuni.

Nyundo_Moja

Heshima yako, mzee, lakini nitakupinga kidogo. Wengi wa uliowataja walianza na jambo moja. Kipanya alichora panya huyo huyo kwa miaka mingi kabla hajagusa gari, na Gado alikuwa tayari jina kubwa Afrika Mashariki kabla ya vikaragosi. Kijana huyu ana kitabu kimoja na nusu. Akiendelea kupokea kila bango linalokuja, nusu ya pili haitakuja, na miaka mitano ijayo atakuwa fundi mabango mwenye katuni moja sandukuni. Sisemi kazi ya mabango ni mbaya, mimi mwenyewe ndiyo inayonilisha. Nasema nilianza kama yeye, na sanduku langu liko chini ya kitanda.

MzeeWaWino

Nyundo, umenikamata mahali pa haki, na neno la sanduku limeniingia. Nakubali kwamba mkono lazima ujulikane kwa kitu kimoja kabla haujasambaa. Ila nitauliza hivi: akiacha mabango, wino atanunua kwa nini? Kwa mtu wa Bagamoyo suala si kuacha. Suala ni saa. Nilipokuwa gazetini nilikuwa na ukurasa mmoja wa kwangu kila wiki ambao hakuna mhariri aliyeuagiza, na niliuchora Jumamosi alfajiri kabla simu hazijaanza. Kwa mwaka ni kurasa hamsini na kitu. Kijana aanze na hapo, na mabango yapewe siku zilizobaki.

Mama_Chapa

Habari zenu. Mimi si mchoraji. Niko upande wa uchapaji, na hupokea kazi za wachoraji zikiwa zimekwisha kuitwa kamili, ndipo huzuni huanza. Kwa kuwa mmezungumza mengi juu ya sanaa, naomba niseme ya mashineni, kwa sababu kazi nyingi za vijana wenye vipaji hufia kwangu.

Mdogo wangu, umesema kurasa 24, na moyo wangu umetulia. Kijitabu kinachopigwa pini katikati hutokana na karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi huzaa kurasa nne, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne. Kijana mmoja aliniletea kurasa 26 na mwisho wa hadithi uko kwenye ya 26. Ilibidi achague kati ya kuongeza kurasa mbili ambazo hakuwa nazo au kukata mbili ambazo alizipenda. Rangi inayofika ukingoni iachwe izidi kwa milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu cha kukatia hakina macho, na maneno yakae ndani mbali na ukingo. Maneno ya kwenye vipovu yawe ya wino mweusi mtupu, yasiwe mweusi uliochanganywa rangi zote nne, maana karatasi ikisogea hata kidogo herufi huota kivuli chekundu au cha buluu, na msomaji hudhani macho yake yana tatizo. Mistari iliyotiwa wino iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, picha za rangi 300. Ukichora kwenye karatasi ya A3 ili ichapwe A4, kumbuka kwamba ule mstari mwembamba wa kope za macho utapungua pamoja na ukurasa, na ukiwa mwembamba mno hautatokea kabisa.

Halafu kuna buluu. Wachoraji wa pwani wanapenda bahari, nami siwalaumu, lakini ile buluu inayowaka kwenye skrini haimo ndani ya wino. Mashine ina samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi, basi. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuruhusu nakala zote, hata kama ni ya kulipia.

Kuhusu fulana: pole sana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mchoro huanza pale unapouchora, haisubiri muhuri, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kazi COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, husaidia siku ya ubishi, kwa kuwa unakuwa na ushahidi wa tarehe. Lakini kitakachokuokoa kabla ya ubishi ni karatasi moja tu ambayo wateja wangu wazuri wote wanayo. Huandikwa humo mchoro ni wa nini, utachapwa nakala ngapi, kwa muda gani, na kwamba matumizi mengine yoyote yatazungumzwa upya. Ukiandika tu kwamba umepokea kiasi fulani kwa mchoro wa katuni, mwenzako atasoma kwamba amenunua shamba, wakati wewe ulimuuzia embe. Na pokea nusu ya malipo kabla ya kushika penseli. Mteja anayekasirika kwa kuombwa nusu angekasirika zaidi kwa kuombwa yote.

Picha_Zinazotembea

Naongeza kwa ufupi. Mimi niko Dar es Salaam kwenye kazi ya katuni za televisheni, na watu tunaowatafuta kwa shida si wale wanaojua programu za kompyuta, maana hizo hufundishika. Tunawatafuta wanaoweza kuchora storibodi, yaani kuipanga filamu nzima kwa vibonzo kabla haijatengenezwa: mhusika anaingia kutoka wapi, picha inakatwa lini, na mtoto anayetazama atacheka sekunde ipi. Hiyo ni kazi ya mchora katuni mtupu. Tangu Ubongo Kids, kile kipindi cha katuni za kufundisha watoto, ianze kuonekana kwenye televisheni 2014, kazi za namna hii zimekuwa jambo la kawaida hapa nchini kuliko nilipoanza mimi. Vilevile kuna vitabu vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto upo tangu 1991, na vitabu hivyo havitoki bila wachoraji. Kijana akusanye kurasa kumi bora, akiweka mbele zile zinazosimulia na kuziacha nyuma zile zinazopendeza tu.

KalamuYaDunda

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Maneno ya kaka Nyundo nimeyasoma mara tatu, na la sanduku chini ya kitanda limeninyima usingizi, kwa kuwa langu liko juu ya kabati. Nimeamua Jumamosi alfajiri na Jumapili alfajiri ziwe za kitabu, na bango lolote linalotaka kumalizwa siku hizo nitaliongezea bei au nitalikataa. Dada Mama_Chapa, nimeandika mkataba wa ukurasa mmoja, nao utakuwa kwa kila kazi, hata ya saluni.

Kwa kuwa Picha_Zinazotembea ametaja kurasa za kusimulia, nimeweka hapa picha ya ukurasa wa saba wa kitabu cha kwanza. Una vibonzo vinne. Katika cha kwanza mtoto amesimama pwani jioni, jua likizama baharini. Cha pili anaona tanga kwa mbali na kusema, "Naona tanga kwa mbali!" Cha tatu ngalawa imekaribia na anasema, "Lakini hii si ngalawa ya baba yangu." Cha nne ni uso wake, akilia, na kipovu kinasema, "Nina huzuni." Naomba mnihukumu bila huruma.

MtuWaPwani

Mwanangu, mimi katuni siijui, lakini bahari naijua. Hapa Bagamoyo jua halizami baharini. Hutoka baharini, likazama nyuma ya minazi na mji. Ama umempeleka mtoto Zanzibar upande wa magharibi, au umechora jioni ya kwenye kalenda. La pili, ngalawa yako ina tengo, yaani ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, upande mmoja tu. Hiyo itamlaza baba yake kabla hajafika Mbweni. Ina mawili, kulia na kushoto. Na tanga letu ni la pembe tatu, linaning'inia kwenye foromali, yaani ule mti unaoshika tanga, iliyolazwa mshazari. Hilo lako la mraba ni la meli za kwenye sinema za maharamia.

MzeeWaWino

MtuWaPwani amenipunguzia kazi, na usiyachukulie kuwa ni madogo. Kitabu hiki kitasomwa kwanza na watoto wa Dunda, na mtoto wa mvuvi akiona tengo moja ataacha kukuamini hata utakapomwambia jambo la kweli.

Lakini tazama faida iliyofichika ndani ya kosa la jua. Kama jua hutoka baharini, basi tukio lako ni la alfajiri, si la jioni, na alfajiri ndipo ngalawa za usiku hurudi. Mtoto hakai kungoja siku iishe. Ameamka kabla ya wenzake, na nyuma yake mji bado umelala. Mwanga unakuja kutoka kule kule linakotoka tanga, kwa hiyo ngalawa itakuwa nyeusi tupu, kivuli kisicho na uso, na mtoto hawezi kujua ni ya nani mpaka ifike. Hapo mchoro wenyewe unamfanya angoje, na msomaji angoje naye.

Vipovu. Cha pili kinasema ninachokiona, kifute. Cha nne kinasema ninachokiona zaidi, kifute kabla ya hicho cha pili. "Nina huzuni" ni maneno ya mtu anayejaza fomu hospitalini. Kipovu kimoja tu kinatosha ukurasa mzima, na ningekiweka kwenye kibonzo cha tatu, tena kisiwe cha mtoto. Kiwe cha mvuvi aliye ndani ya ngalawa, anayemwona mtoto amesimama pale kama jana na juzi, naye anasema neno la kawaida kabisa, mathalani anamwita ashike kamba. Kibonzo cha nne usichore uso. Chora mikono ya mtoto ikishika kamba ya ngalawa isiyo ya baba yake.

KalamuYaDunda

Mzee, nimekaa nikiitazama hiyo kamba kwa dakika nyingi. Jumamosi nitashuka pwani na daftari saa kumi na moja alfajiri, nichore foromali zikiwa bado zimepandishwa. MtuWaPwani, naomba swali moja la mwisho: ngalawa ikiwa inaingia, mtu wa kwanza kurusha kamba hukaa mbele au nyuma ya tanga? Nataka nijue kama mtoto atamwona uso.

MtuWaPwani

Hukaa mbele, omoni. Lakini tanga huwa limeshaanza kushushwa, kwa hiyo anaona miguu yake kwanza.